Kuonja Chinon, na sahani ya kuweka mbele yake

Wateja wengi wa meza zangu hapa Tours, Ufaransa, wakishamiminiwa huanza kutafuta majina ya matunda. Mmoja atasema rasiberi, mwenzake atabisha kwamba ni cheri, na wa tatu atanyamaza kwa kuwa hajasikia harufu yoyote na anaona haya kusema. Mimi ni mhudumu, kazi yangu ni kumimina na kutabasamu, siingilii. Lakini kwa anayetaka kujifunza, nasema hivi: matunda yaache kwanza. Chakula na mvinyo hukutana mdomoni. Kinachoamua kama vitaelewana ni uchachu, ukakasi, chumvi, mafuta na ule moto wa pombe. Ukijua kuvipima hivyo vitano, utachagua sahani inayofaa hata kama huwezi kutaja tunda hata moja.

Tutumie chupa moja tu, Chinon nyekundu. Chinon ni mji mdogo kando ya mto Vienne, kama kilomita 45 kusini-magharibi mwa Tours, na mvinyo wake una jina linalolindwa kisheria tangu mwaka 1937. Zabibu yake ni Cabernet Franc. Kanuni zinaruhusu kuchanganya Cabernet Sauvignon kidogo, isizidi asilimia 10, ila wakulima wengi hawajisumbui nayo. Wanaoiona Cabernet Franc kama ndugu maskini wa Cabernet Sauvignon wamegeuza ukoo juu chini. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walipima vinasaba, wakakuta kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc.

Nachagua Chinon kwa sababu uchachu upo, ukakasi upo, tunda lipo, na hakuna kinachopiga kelele kikazima vingine. Tena haikufilisi. Kwa yuro 10 hadi 15 unapata chupa ya mkulima anayeheshimika, wakati kwa bei hiyo hiyo kutoka Bordeaux lazima uwe na bahati au rafiki.

Ukiweza, nunua mbili. Moja itoke kwenye mchanga na changarawe za kandokando ya Vienne: huo ni mvinyo mwepesi, wa kunywa ungali mchanga. Nyingine itoke kwenye miteremko ya chokaa, ile mawe laini meupe na ya manjano yanayoitwa tuffeau, ambayo ndiyo yaliyojenga makasri ya bonde la Loire. Machimbo yake ya zamani leo ni maghala ya mvinyo yenye ubaridi usiobadilika mwaka mzima. Mvinyo wa mteremko una ukakasi zaidi na unaweza kukaa miaka kumi bila kulalamika. Muulize muuzaji swali moja tu: shamba liko kwenye changarawe au kwenye mteremko? Akijikanyaga, nenda duka lingine.

Kwenye lebo tafuta maneno mis en bouteille au domaine, au à la propriété, yaani umetiwa kwenye chupa palepale ulipotengenezwa. Neno château peke yake halikuhakikishii kasri wala ubora. Angalia na mwaka. 2018 ulikuwa wa joto na zabibu ziliiva sana. 2021 ulianza na baridi kali iliyounguza machipukizi mwezi Aprili, kisha msimu ukawa wa ubaridi, na mivinyo yake ni myembamba na michachu zaidi. Si kwamba mmoja ni mbaya. Kila mmoja unataka chakula chake.

Kabla ya kufungua

Jambo linaloharibu mvinyo mwekundu mara nyingi kuliko yote ni joto. Ile kanuni ya kuunywa kwa joto la chumba ilitungwa wakati vyumba vya Ufaransa vilikuwa na nyuzi 16 au 17 na watu wakila wamevaa koti. Leo nyumba ina nyuzi 22, na kwa joto hilo pombe inapanda puani, tunda linakuwa kama limepikwa. Chinon nyepesi nampa mteja kwa nyuzi 14, ile ya mteremko kwa 16. Nyumbani usiye na kipimajoto, weka chupa kwenye friji kwa saa moja hivi, au kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika nane hadi kumi. Maji ni lazima. Barafu peke yake inagusa chupa hapa na pale tu. Ukikosea, kosea upande wa baridi, maana glasi itapata joto yenyewe mezani.

Glasi iwe na tumbo na mdomo uliobana kidogo. Zile kubwa kama bakuli la samaki wa mapambo mimi sizipendi, zinamfanya mtu amimine mvinyo wa watu watatu. Ipo glasi ya kuonjea iliyowekewa kipimo cha kimataifa mwaka 1977: inabeba mililita 215 ikijaa, na ndani yake humiminwa 50 tu. Hizo 50 zinatosha. Ishike kwenye mguu wake, kiganja kisipashe mvinyo.

Kata karatasi ya shingoni chini ya ule ukingo unaojitokeza, ili mvinyo usipite juu yake ukimimina. Ingiza kizibuo katikati ya kizibo, zungusha, acha pete moja nje, vuta polepole. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa. Kunusa kizibo ni tamthilia, nusa mvinyo.

Hapo mgahawani ndipo ninapokumiminia kijiko kimoja na kusubiri. Wengi hawajui wanaulizwa nini, basi wanaonja na kusema ni mtamu, asante. Huulizwi kama umeupenda. Unaulizwa kama chupa ni mzima. Ugonjwa unaotafutwa ni wa kizibo: kemikali inayofupishwa TCA, inayotokana na kuvu na klorini kwenye gome la mti lililotengenezewa kizibo. Mvinyo ulioguswa nayo unanuka boksi la karatasi lililolowa, au stoo isiyofunguliwa. Ikiwa kidogo sana hausikii harufu hiyo, ila tunda limekufa, mvinyo umekaa kimya kama maji ya rangi. Ukiusikia, sema bila kuomba radhi: huu una kizibo. Mhudumu anayejua kazi atanusa, atakubali, ataleta chupa nyingine, na hutalipia ile ya kwanza. Ukiwa mzima lakini hukuupenda, hiyo ni juu yako.

Macho na pua, haraka haraka

Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Chinon changa ina ukingo wa zambarau. Ikizeeka ukingo unaelekea rangi ya tofali. Ni nyepesi kuliko Bordeaux nyingi, unaweza kuona vidole vyako kupitia ukingoni. Yale machozi yanayoteremka kwenye ukuta wa glasi yanatokana na pombe kuvukiza, na hayakuelezi lolote kuhusu ubora, hata kama mjomba wa bibi harusi atasimamia hoja hiyo usiku kucha.

Usiliamini jicho kupita hapo. Mwaka 2001 watafiti walichapisha jaribio lililofanyika Bordeaux: wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ndiyo maana, ukiwa na watu wazima wanaojigamba, zima taa.

Nusa kwanza bila kutikisa, halafu zungusha glasi mara mbili tatu juu ya meza na unuse tena. Kwenye Chinon kuna harufu moja inayofaa kuijua: pilipili hoho mbichi, pamoja na majani ya mti wa matunda na ncha ya penseli. Hoho inatoka kwenye pirazini, dutu ambayo zabibu inaipoteza kadiri inavyoiva juani. Ikiwa nyingi, mwaka ulikuwa wa baridi au mkulima alivuna mapema. Isiposikika kabisa, mwaka ulikuwa wa moto. Mimi naipenda kidogo. Inauambia ulimi kwamba mvinyo huu utakaa vizuri na mboga na mimea ya jikoni, na kwa mvinyo mwekundu hilo ni adimu.

Mdomoni

Hapa usiwe na haraka. Chukua kiasi cha kijiko cha mezani, vuta hewa kidogo juu yake huku midomo imebana, hata kama unatoa sauti, kisha uzungushe mpaka ufike kwenye fizi. Tema. Kutema kwenye ndoo si utovu wa adabu. Huko maghalani Chinon mkulima mwenyewe anatema sakafuni mbele yako. Ukiwa na gari ni lazima, kwa sababu sheria ya Ufaransa inakukamata kuanzia gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya.

Ukishatema, funga mdomo na uinamishe kichwa kidogo. Mate yakija mengi, uchachu uko juu. Hicho ndicho kipimo chake, ni cha uhakika kuliko kujiuliza kama ni mkali. Sasa pitisha ulimi juu ya meno ya mbele na ndani ya midomo. Ukikwama kama kwenye kitambaa, huo ni ukakasi, na unaletwa na tanini za maganda na mbegu za zabibu, wakati mwingine na pipa la mwaloni pia. Tanini zinashika protini za mate yako, mate yanapoteza utelezi wake. Ni kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye majani yake, na unajua maziwa huifanya nini chai hiyo: protini ya maziwa inazikamata tanini kabla hazijakamata mate. Shika hilo la maziwa, tutalirudia kwenye nyama.

Kisha pumua nje kupitia mdomoni. Joto kooni ndiyo pombe. Chinon ina asilimia 12.5 hadi 14 kutegemea mwaka. Kwenye 13 hutakiwi kuungua. Mwisho hesabu sekunde ambazo ladha inabaki baada ya kutema. Waonjaji wa Ufaransa wanaita kila sekunde caudalie, neno la kujidai, lakini kuhesabu kwenyewe ni kuzuri. Nne ni chupa ya kawaida. Ikifika kumi, muulize muuzaji kama amebakiwa na nyingine.

Sasa ni zamu ya somo ambalo kila mhudumu mpya hapa kwetu hupewa kabla ya kuruhusiwa kushika chupa. Weka kwenye sahani kipande cha limau, sukari kidogo, chembe za chumvi, siagi, na kipande cha nyama ya ng'ombe isiyoiva sana. Onja mvinyo. Lamba limau, onja mvinyo tena: umekuwa laini, karibu mtamu. Suuza mdomo, lamba sukari, onja: mvinyo uleule umekuwa mchachu, mkavu, kama wa bei ya chini. Chumvi inapunguza ukakasi na kuinua tunda. Siagi inafunika ulimi, kisha uchachu unakuja kuisafisha. Tafuna nyama, onja: ukakasi umeondoka, kwa sababu tanini zimepata protini nyingine ya kushika. Dakika kumi, na tayari unajua karibu yote yaliyo nyuma ya orodha ndefu za mvinyo gani na chakula gani.

Sahani zenyewe

Chinon ya changarawe, iliyopozwa, nenda nayo kwenye rillettes za Tours: nyama ya nguruwe iliyopikwa taratibu kwenye mafuta yake saa nyingi mpaka nyuzi zikaachana, ikapakwa juu ya mkate. Ni chumvi na mafuta matupu. Tanini nyingi hapa hazina kazi, unahitaji uchachu wa kukata mafuta ili hamu ya kipande kingine irudi. Rillons, vile vipande vikubwa vya nyama ya tumbo vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, vinapenda hicho hicho.

Kwa jibini nina ubishi na wateja. Wengi wanaagiza mwekundu kwa jibini lolote, na wengi wanaumia bila kujua. Camembert iliyoiva inafanya tanini ziwe na uchungu na ladha ya chuma. Hiyo mpe mvinyo wa tufaha wa Normandie inakotoka. Lakini Sainte-Maure de Touraine ni jambo jingine. Hilo ni jibini la maziwa ya mbuzi yasiyochemshwa, refu kama gogo dogo, limepakwa majivu, na katikati lina unyasi wa nafaka ya rai uliochapwa alama ya aliyelitengeneza. Kitabu kinasema jibini la mbuzi liende na mvinyo mweupe wa Sauvignon, na kitabu hakijakosea. Ila likiwa na wiki mbili tatu, likianza kukauka kidogo lakini kiini bado ni kama chaki iliyolowa, lijaribu na Chinon nyepesi. Vuta unyasi kwanza, kata kutoka upande mnene. Uchachu wa jibini na wa mvinyo unalingana, na lile jani bichi la Cabernet Franc linaikuta ile nyasi ya maziwa. Likishakomaa likawa gumu na kali, rudi kwenye mweupe.

Chinon ya mteremko inataka nyama. Hapa kwetu chaguo langu ni bavette, mnofu wa ubavuni wenye nyuzi ndefu, uliokaangwa kwa moto mkali ukabaki mwekundu ndani, na shaloti, vile vitunguu vidogo, zilizolainika kwenye siagi juu yake. Ubaki mwekundu si kwa ajili ya fahari ya mpishi. Nyama iliyoiva kabisa imekauka, na ukavu ukiukuta ukakasi vinajumlishana. Kama wewe ni wa nyama iliyoiva, usibadilishe nyama, badilisha chupa: chukua ile ya changarawe. Kuku wa kuchoma, ndege wa porini wadogo, uyoga, vyote vinakubali. Mteremko wenye miaka minane au tisa, ukakasi umeshatulia, mpe uyoga tu na usimletee mchuzi mzito.

Samaki wanazua maswali mengi. Mvinyo mwekundu una chembe za madini ya chuma, na mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chuma hicho ndicho kinacholeta ile harufu nzito ya samaki mdomoni. Kwa hiyo samaki wa kuchoma na Chinon, hapana. Lakini kandokando ya Loire watu wanapika mkunga kwenye mvinyo mwekundu wenyewe, pamoja na vitunguu na plamu kavu, sahani inayoitwa matelote. Hiyo ukiitilia mvinyo mweupe utawachekesha wenyeji.

Siki ni adui. Saladi yenye siki na haradali inauua mvinyo wowote, ndiyo maana Wafaransa wengi wanaila baada ya nyama, glasi ikiwa imepumzika. Pilipili kali inawasha moto wa pombe na kuukaza ukakasi, basi chagua chupa nyepesi na uipoze zaidi. Keki ya chokoleti na mvinyo mkavu ni ndoa ya picha za matangazo tu. Umeshalamba sukari pale juu, unajua kinachotokea. Ukitaka mwekundu wa chokoleti nenda kusini, Maury au Banyuls kule Roussillon, ambako uchachuaji unasimamishwa kwa kuongeza pombe na sukari ya zabibu inabaki.

Kipimo hichohicho kinakufikisha mikoa mingine. Madiran, wa zabibu ya Tannat, una ukakasi wa kukaza taya, ndiyo maana kule kusini-magharibi wanaunywa na paja la bata lililopikwa kwenye mafuta yake. Pauillac una tanini nyingi pia, na jirani yake mezani ni mwanakondoo wa hapohapo Pauillac. Beaujolais hauna ukakasi wa kutaja, una uchachu na tunda, basi soseji kavu za Lyon zinautosha. Châteauneuf-du-Pape unapita asilimia 14 kirahisi. Mpe nyama iliyochemka muda mrefu na mimea mikavu ya Provence, na usiulete karibu na pilipili.

Mvinyo ukibaki, rudisha kizibo na uweke kwenye friji, hata kama ni mwekundu. Baridi inachelewesha kuharibika. Chinon ya mteremko mara nyingi kesho yake ni nzuri kuliko leo, ile nyepesi inywe siku ya pili. Ikifika siku ya nne, toa bavette kwenye kikaango, mwaga mafuta, tia shaloti, kisha mimina mvinyo uliobaki na uchemke mpaka ubaki theluthi. Zima moto ndipo uweke siagi, maana ikichemka inajitenga.